Boma la Siku Moja

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita, baada ya kanisa na kabla ya chakula, Lorine alibandua karatasi kwenye mlango wa friji, akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu. Mumewe Nicodemus alijua maana yake. Akaanza kutafuta rimoti iliyokuwa mkononi mwake.

"Baba Byron, zima hiyo TV. Leo tunasahihisha."

Lorine alifundisha darasa la nne katika shule moja hapo Migosi, Kisumu, na ualimu wake haukuishia getini. Kila mwaka mpya yeye na mumewe waliandika maazimio yao kwenye karatasi moja, mke upande wa kushoto na mume upande wa kulia. Mwaka ukifika katikati waliyapitia na kujipa alama. Majirani waliona hayo ni maringo ya watu waliosoma. Lorine hakuwajali, kwa sababu wiki yake ilikuwa na darasa la watoto hamsini na wawili, masomo ya digrii siku za Jumamosi, kwaya, na mwanamume wa kukumbushwa kila kitu. Asingeandika, angepotea.

"Naanza na mimi. Kumaliza muhula wa pili. Nimemaliza. Tisa juu ya kumi."

"Mbona si kumi?"

"Kazi ya mwisho niliandikia jikoni, ikamwagikiwa mafuta. Namba mbili, kupunguza uzito kilo nane." Akaandika haraka haraka. "Mbili."

"Umepunguza kilo mbili? Si mbaya."

"Alama ndizo mbili. Kilo nimeongeza."

Wakacheka mpaka Lorine akavua miwani kufuta macho. Walikuwa watu wa kupendana hawa, na siku hiyo hakuna aliyejua kwamba walikuwa wanacheza na jambo la hatari.

"Sasa wewe. Kula bila simu mezani," Lorine akasoma, na kabla hajamaliza simu ya Nicodemus ikaita. Alikuwa fundi wa mitambo ya barafu na vyumba vya baridi, na wanunuzi wa samaki kuanzia Dunga hadi Usenge walikuwa na namba yake. Mtambo ukizima, samaki hawangoji Jumatatu. Akajibu kwa sauti ya daktari, akaahidi kufika alfajiri. Alipoweka simu chini, Lorine alikuwa ameshachora sifuri kubwa ya duara.

"Cheti cha mitambo mikubwa?"

"Bado. Lakini semina iko, nangoja tarehe tu. Nipe sita."

"Nne. Na namba tano…" Lorine hakuisoma. Aliinua tu uso akamtazama. Namba tano ilisema: kujenga nyumbani Asembo na kuhamia boma letu. Huu ulikuwa mwaka wa saba kuinakili, na alikuwa amechoka hata kuiandika vizuri.

"Hiyo iko njiani," alisema Nicodemus. "Plani si iko? Vyumba vinne, choo ndani, baraza mbele."

"Plani iko kwa droo tangu Byron akiwa darasa la nne. Saa hii ako kidato cha pili."

"Mama Byron, mimi nikijenga, najenga kitu. Siwezi kuwekelea mabati juu ya miti, watu wa Asembo wapite wakisema ona fundi wa Kisumu."

Lorine akaandika tatu.

"Tatu ni za nini?"

"Za mwandiko."

Ndipo mlango ukabishwa, na aliyebisha alikuwa Tom.

Tom alikuwa mdogo wake Nicodemus, baba mmoja mama mmoja, aliyeishi Asembo na mkewe Aoko na watoto wao, nyumbani kwa baba. Alikuwa mwashi, na nusu ya nyumba mpya za matofali kati ya Ndori na Asembo Bay alikuwa amezisimamisha kwa mikono yake. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia, akakunja soksi iliyotoboka ili tundu lisionekane, akaketi kwenye ukingo wa kochi kwa sababu suruali yake ilikuwa na saruji. Lorine alimwambia aegemee vizuri. Akasema yuko sawa.

Alikula kwanza, kwa adabu, akauliza habari za Byron shuleni, akajibu habari za mzee. Kisha akasukuma sahani.

"Omera, ndugu yangu, sijakuja kukusumbua. Ukuta wangu wa nyuma umefunguka. Mkono unaingia mpaka hapa." Akagusa kiwiko.

"Si uzibe? Wewe ndio fundi."

"Nimeziba mara tatu. Shida si ukuta, shida ni chini. Ukikanyaga sakafu, maji inatoka."

Hapa lazima nieleze kidogo, maana si kila msomaji ni Mjaluo. Kwao, mambo ya boma huenda kwa foleni. Kijana akikomaa hujengewa nyumba ndogo karibu na lango la baba yake, na humo ndimo anamoleta mke na kuanzia maisha. Baadaye hutoka, akaanzisha boma lake mahali baba alipomwonyesha. Lakini mdogo hatoki kabla ya mkubwa. Akitoka, amemruka kaka yake, na hakuna mzee atakayekanyaga boma hilo wala mtoto atakayeugua humo bila watu kutajana majina kwa lawama. Sasa lango la Mzee Oduor, baba yao, lilitazama ziwa, na tangu mwaka ule maji yalipopanda, ardhi ya langoni, penye nyumba ya Tom, haikukauka tena. Juu, penye mawe, palikuwa na shamba kavu alilopewa Tom. Alilitazama kila asubuhi akienda kujengea watu wengine.

"Panga chumba hapo sokoni kwa muda," alisema Nicodemus.

"Na mzee? Macho yake unajua yalivyo. Aoko ndiye anampikia, anamshika mkono mpaka chooni, anamwekea dawa ya macho. Tukienda soko, nani anabaki na yeye?"

Nicodemus akainamia sahani yake; mzee huyo alikuwa baba yake pia.

"Naomba siku moja tu," Tom akaendelea, na sauti yake ikashuka kama ya mtu anayeomba kazi. "Kutoka si kujenga gorofa. Asubuhi mzee anakutoa, Byron na jogoo, wewe na shoka, Mama Byron na moto. Chumba cha mabati nakujengea mimi. Mabati ninayo kumi na nne, miti iko. Jioni unalala ndani na familia yako, imeisha. Ile nyumba yako ya baraza jenga hata baada ya miaka kumi, hakuna mtu atakuuliza. Mimi nipite tu."

Lorine alimtazama mumewe. Nicodemus aliona haya, na mwanamume akiona haya mbele ya mke na mdogo wake huahidi upesi. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika mbele ya namba tano: tarehe tisa Agosti, Jumamosi.

"Byron atakuwa amefunga shule. Umeona? Imeandikwa."

Tom aliisoma mara mbili akitembeza kidole, akashukuru. Alipoondoka alirudi mlangoni kuuliza kama anaweza kupiga picha hiyo karatasi, amwonyeshe Aoko.

*

Barua ya semina ilifika mwisho wa Julai. Siku tano Nairobi, mitambo mikubwa, cheti mwishoni. Kuanzia Jumanne tarehe tano hadi Jumamosi tarehe tisa.

"Waambie wakuweke kwa kundi lingine," alisema Lorine.

"Kundi lingine ni mwaka ujao. Na hii pia tuliandika, Mama Byron. Ni namba tatu. Namba tatu inakuja kabla ya tano."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini alikuwa akitafuta mahali pa kujificha. Lorine naye alikuwa na mtihani wiki hiyohiyo na hakuwa na nguvu za kugombana. Baadaye angejilaumu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Nicodemus hakutaka kumwambia Tom kwa simu. Aliona ni heshima kwenda mwenyewe. Siku ya Jumamosi kabla ya semina akashuka Asembo na kilo mbili za sukari, mkate na majani ya chai. Tom alikuwa kazini. Aliyempokea ni Aoko, mkewe Tom, mwanamke mfupi, mcheshi, aliyezungumza na mikono ikiwa na kazi kila wakati. Alikuwa amekwisha fagia njia yote kutoka boma la mzee hadi uwanja ambao Nicodemus angehamia, na alikuwa ameng'oa visiki kwa jembe.

"Shem, umekuja kupima mahali pa kitanda?" akauliza. "Usijali, nimepima. Hata miguu yako mirefu itaingia."

Nicodemus akamweleza. Alieleza kwa urefu, habari za cheti, za mitambo, za mwaka ujao kuwa mbali. Aoko aliendelea kuchambua mboga. Hakukunja uso. Alipomaliza alinyanyuka, akaenda nyuma ya jiko, akarudi na jogoo mwekundu amefungwa mguu.

"Huyu amekula mahindi yangu wiki tano akikungoja wewe. Sasa unasemaje, nimpikie ule, ama aendelee kungoja?"

"Aoko, yawa, jamani, usinifanyie hivyo."

"Mimi siwezi kukukasirikia, wewe ni mkubwa wetu. Nauliza tu, kwa sababu mahindi imeisha."

Nicodemus alicheka kwa kukosa la kufanya. Na Aoko, kwa kuwa mgeni haondoki na njaa na nyumbani hapakuwa na kingine, akamchinja jogoo. Mzee Oduor aliletwa mezani kwa mkono, akakaa akisikiliza kijiko cha mwanawe wa kwanza. Nicodemus akala. Aliniambia mtu mmoja aliyekuwepo kwamba alikula vizuri, akaongezwa.

"Nick," mzee akasema mwishoni, "mimi naona giza sasa, lakini njia ya kukutoa bado naijua na miguu. Usiniache nikaisahau."

"Desemba, Baba. Byron akifunga. Hiyo haibadiliki."

Aoko alimsindikiza mpaka langoni. Walipopita nyumba yake alimwonyesha ufa. Alikuwa ameujaza magunia na kuupaka udongo juu, akaning'iniza kalenda ya kanisa ili watoto wasiuchokoe. Mtoto wao mdogo, Terry, alikuwa amelala ndani kwenye mkeka, mbali na ukuta huo.

"Wao tunawalaza huku," alisema Aoko. "Huku bado ni pazuri."

*

Cheti kilipigwa fremu, kikatundikwa sebuleni Migosi, na kazi zikaongezeka kama alivyotarajia. Septemba ikapita. Oktoba Lorine alisahihisha karatasi za mtihani mpaka vidole vikavimba. Wale wawili wakawa wanakutana jikoni, mmoja akiingia na mwingine akitoka. Kila mmoja alidhani mwenzake amempigia Tom.

Novemba mvua ikaanza.

Alhamisi moja Nicodemus alipita Ndori asubuhi akielekea Usenge. Pale njia panda, kibao cha Asembo Bay kilikuwa kushoto, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki. Alikitazama, akatazama saa. Usenge kulikuwa na tani mbili za sangara na mtambo uliozima tangu usiku. Akapita.

Saa nne alikuwa amelala chini ya mtambo simu ilipoita mfukoni. Aliitoa kwa vidole vyenye mafuta, akaona jina la Aoko. Akafikiri: anauliza Desemba. Hakuwa na ubaya moyoni, ila alikuwa amelala kwenye maji, na mwenye samaki alikuwa amesimama juu yake akiuliza kila dakika. Akairudisha mfukoni ikiendelea kuita. Nitampigia jioni, alijiambia.

Mchana mvua ilikatika na jua likatoka kali. Kule Asembo, Aoko alimaliza kumlisha mzee, akamwacha kivulini, akashuka nyumbani kwake kutoa matandiko ayaanike kabla watoto hawajarudi kutoka shule. Mzee alimsikia akiimba wimbo wa kanisa, akikung'uta blanketi. Kisha akasikia kishindo cha ukuta, na baada yake hakusikia wimbo. Alimwita. Akaita tena. Alinyanyuka, akatembea bila fimbo wala mkono wa mtu, akipapasa ua kwa vidole, akilia jina la mke wa mwanawe mpaka majirani wakaja mbio.

Tom alikuwa juu ya paa la mtu huko Ndori. Walimwambia ashuke kwanza. Alipokataa kushuka kabla ya kuambiwa, wakamwambia akiwa hukohuko juu, na wawili wakapanda kumshika.

Nicodemus aliambiwa na Lorine saa kumi, mtambo ukiwa umeshawaka. Mwenye samaki alikuwa anampigia makofi. Hakuelewa mara ya kwanza, Lorine akalazimika kurudia.

Baadaye ilijulikana kwamba Aoko hakupiga simu kuuliza Desemba. Dawa ya macho ya mzee ilikuwa imebaki matone, na alitaka shemeji akipita Bondo anunue chupa moja.

*

Walimzika upande wa nyumba ileile ya langoni, kwa kuwa hakuwa na boma lingine. Nicodemus alinunua jeneza zuri, akakodi hema na viti, na hakuna aliyemshutumu hadharani. Hilo lilimuumiza zaidi. Wanawake wa kanisa walipita mbele yake wakamsalimu kwa heshima yote anayopewa mkubwa wa familia, na kila mkono aliopokea ulimchoma. Lorine hakumfariji. Alikaa na watoto wa Tom akiwasuka na kuwavisha, na waliporudi Migosi alimwambia mumewe jambo moja tu.

"Mimi nilikuwa nasahihisha, Baba Byron. Miaka saba nilikuwa nakaa hapa nasahihisha, wala sikukushika mkono nikakupeleka."

Mwezi wa kumi na mbili, Byron alipofunga shule, mzee aliagiza watu wake waitwe. Alisema jambo lililocheleweshwa lisipite mwaka huo. Jumamosi alfajiri wakatoka: Mzee Oduor mbele, ameshikwa mkono na jirani, Byron na jogoo wa kununua sokoni, Nicodemus na shoka, Lorine na makaa ya moto ndani ya chungu. Hawakuimba. Njia ilikuwa imeota nyasi, lakini visiki havikuwepo, wakapita bila kujikwaa.

Aliyejenga ni Tom. Watu walimwambia apumzike, vijana wapo, wajomba wapo. Akasema mabati ni yake na ahadi ni yake. Alipima kwa kamba, akachimba mashimo, akasimamisha miti, akapanda juu na misumari mdomoni. Alifanya kazi bila haraka na bila kusimama, na Nicodemus alikuwa chini akimpa mabati moja baada ya lingine. Hakuna mpita njia aliyecheka. Waliopita walivua kofia.

Kabla ya saa tisa alasiri nyumba ilikuwa imesimama na mlango unafungika. Nicodemus aliitazama, akaitazama tena. Chumba kimoja. Kilikuwa kimechukua muda usiofika siku. Akashikilia mti wa mlango.

Tom alikuwa amechuchumaa akiokota misumari iliyopinda na kuinyoosha juu ya jiwe. Nicodemus akaenda akachuchumaa mbele yake. Kwa wiki nne alikuwa ametafuta neno la kumwambia mdogo wake, na sasa alidhani amelipata.

"Tom. Njia yako sasa iko wazi. Mwezi wa pili nachukua likizo, tunakutoa. Hata kama ni wiki nzima, niko. Nyumba ya matofali, mimi nasimamia yote. Pale juu penye mawe."

Tom alinyoosha msumari mmoja, akautia kwenye kopo.

"Unanitoa na nani, omera?"

Nicodemus hakuelewa.

"Moto utabebwa na nani? Mtu haanzi boma bila mke. Wewe ni mkubwa, hiyo unajua."

Alisema bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kipimo cha mchanga. Kisha akafunga kopo, akakusanya nyundo na msumeno. Terry alikuwa amesinzia kwenye mapaja ya babu yake. Tom akamwinua begani, akawaita wakubwa wake wawili, wakateremka wanne kuelekea langoni, kwenye ile nusu ya nyumba iliyobaki, waliyoiziba kwa turubai.

"Tom!" Nicodemus aliita. "Rudini basi mlale huku. Lala hapa na watoto, tafadhali."

Tom aligeuka. Mdogo halali katika nyumba mpya ya mkubwa, na wote wawili walijua hivyo tangu wakiwa watoto.

"Lala salama, omera," alisema. "Funga mlango vizuri. Leo inanyesha."